Naliaka Alighani kwa Mikono

Mama mpendwa,

Salamu kutoka Makongeni, kwa kaka Wafula. Bado nina machozi ya furaha.

Unakumbuka mwalimu mkuu alivyomrudisha Naliaka wetu langoni? "Mtoto kiziwi hapa hatumwezi." Wafula hakukubali. Alizidi kwenda ofisi ya elimu, akisema sera inampa bintiye haki ya kusoma karibu na nyumbani, mpaka shule ikaletewa mwalimu wa lugha ya ishara.

Leo, siku ya wazazi, Naliaka alighani shairi kwa mikono, mwalimu wake akitutamkia maneno. Nikaanza kupiga makofi. Msichana wa darasa lake akanivuta: "Anti, hasikii makofi! Inua mikono, utikise hivi!" Ukumbi mzima ukainua mikono. Kisha mwalimu mkuu yuleyule akapanda jukwaani, akamwomba Naliaka amfundishe kusema "karibu" kwa ishara. Alikosea mara mbili. Mtoto akamshika vidole, akamrekebisha.

Mweleze Mjomba Simiyu, kwa zile ishara zenu za nyumbani: yeye walimnyima shule kwa uziwi wake, lakini mjukuu wake anasoma. Mkumbatie kwa niaba yetu sote.

Binti yako,
Nekesa