Kamba ya Ambrose

Shoga, niko kwa Sesilia hapa Edmonton, Kanada.

Mumewe Ambrose kampigia video. Yuko peke yake kwenye bwawa la milimani, boti inaenda polepole ikiburuta chambo cha kuvulia samaki samoni. Kamba kaifunga kwenye boti, kama walivyozoea kwao Ukerewe.

Mara nyuma ya boti ikaanza kuvutwa chini. Yeye anacheka, eti kapata jisamaki.

Sesilia akamwambia, "Baba Neema, si ulisema bwawa hilo lilimeza msitu? Umenasa kwenye mti. Kata kamba."

"Kata kamba," karudia, shoga. Kamsihi. Na kopo la chambo tayari linaelea ndani ya boti.

Akajibu, "Usikate simu, nataka umwone."

Sesilia hajakata. Skrini nyeusi, imeandika reconnecting, eti inaunganisha upya, naye kaishika tu.