Kona Yetu ya Kupandia Ileje

Baba yangu,

Kinyaa nilichorudi nacho Jumamosi kutoka kwenye kona yetu sijapata kukiona tangu nizaliwe, na wa kumwambia ni wewe tu, hata kama uko kaburini mwaka wa kumi sasa.

Kona unaikumbuka. Tulikuwa tukitoka Tunduma kufuata mahindi Isongole, lori lako la Fuso likiguna mlima mzima, na hapo ndipo ulipoliegesha lipoe. Tulikaa ukingoni tukila karanga za kuchemsha, ukinionyesha milima ya Malawi, ya buluu, mmoja nyuma ya mwingine. Ulikuwa unanyamaza kabisa, wewe ambaye hukunyamaza hata kanisani.

Mjukuu wako Neema hakukuwahi, baba. Nilitaka akujulie hapo.

Tukashuka garini. Aka! Ukingo mzima ni chupa za mkojo, za njano, nyingine zimevimba kwa jua, na nzi, na pampasi, na harufu inayokaa kwenye ulimi. Neema akakanyaga moja, ikapasuka, ikamrukia hadi magotini.

"Mama, babu alikuwa anapapenda hapa?"

Niliwatukana madereva wote wa barabara ile. Washenzi wakubwa! Halafu nikaikumbuka chupa yako chini ya kiti. Foleni ya mpakani haikukuruhusu kushuka, ukazoea, ukaitumia hata mlimani kwenye vichaka tele. Na aliyekuwa akiitupa ni mimi. Ulinipa, nikairusha bondeni, ukapiga makofi: "Mkono huo, mwanangu! Imefika Malawi!" Nilijiona malkia, baba.

Nikiwa bado nimeduwaa, Neema kwa hasira akashika chupa nyingine kwa jani, akaivurumisha. Ikaenda mbali kweli. Kabla sijajizuia, mdomo wangu ukapaza: "Mkono huo, mwanangu! Imefika Malawi!"

Akacheka kwa furaha, akainua mikono juu.

Nikageuka, nikatapika. Si kwa harufu, hiyo nilikuwa nimeshaizoea.

Jumamosi hii tunarudi na glavu na viroba. Nitamweleza yote tukiwa tunaokota, yako na yangu, na sijui atakupenda au la. Mimi nakupenda, na nimekasirika.

Pumzika, baba, ila makofi yako yaache hukohuko.

Binti yako uliyemshangilia