Kuni kwa Nyumba Isiyo na Msiba

Mpendwa Baba Mwenda,

Leo nimefagia pale nyuma ya jikoni ulipokuwa ukipanga vipande vya mbao kutoka kiwandani. Havipo tena, na nataka ujue vilikoenda.

Unakumbuka siku kiwanda cha mbao kilipofungwa? Ulirudi kabla ya saa nne asubuhi, vumbi la mbao likiwa kwenye sweta, ukaweka mezani mkebe wa githeri ya chakula cha mchana ambao hukuwa umeufungua. Wiki nzima hakuna jirani aliyekuja. Haikuwa ubaya, hawakujua waseme nini. Ukaniambia ukinoa panga, "Mama Mwenda, ningekuwa nimekufa, huu ua ungejaa watu."

Nilikukemea. Lakini kadi yako ya bima ya hospitali iliisha pamoja na kazi, na kifua kilipoanza ulisema ni vumbi tu, litatoka. Ulipokufa, ua ulijaa. Walileta kuni, maziwa, unga, hata viti. Niliwashukuru, na moyoni nikauliza walikuwa wapi zamani. Kisha nikajiuliza mimi nilikuwa wapi kwa wengine.

Mwezi uliopita Njeru, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, aliachishwa kazi katika kiwanda cha kahawa. Nilifunga mbao zako mgongoni, nikawaita akina mama wa kikundi chetu, tukaenda. Mkewe alipotuona na kuni na maziwa alishika kichwa.

"Niambieni tu. Ni nani?"

"Hakuna aliyekufa," nikasema. "Tumesikia habari ya kazi."

Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalia. Njeru akatoka nyuma ya zizi, akatazama mizigo.

"Sasa nikifa mtaleta nini?"

"Utakuwa umeshakula kila kitu," Mama Kawira akamjibu. "Kwa hivyo usife."

Kikundini tumekubaliana: mtu akipoteza kazi tunaenda siku hiyo hiyo, na kadi yake ya hospitali tunailipia mpaka apate kazi nyingine. Lakini tuko wachache, na mashamba yetu unayajua yalivyo madogo. Kwenye mkutano wa baraza la chifu nilisimama nikamwambia kwamba serikali nayo ilete kuni zake. Watu walicheka. Yeye aliandika.

Nisamehe kwamba sikuyajua haya wakati wako. Pumzika, mume wangu. Mbao zako zilichemsha chai ya kwanza kwa Njeru, na mwenye nyumba alikuwepo, akainywa.

Mkeo,
Mama Mwenda