Nani Alipinda Mzizi Wangu

Jumanne, 7 Mei

Leo nimepigwa radio ya meno, ile picha ya ndani. Mara mbili! Chonge langu la juu, upande wa kushoto, halitaki kutoka. Nina miaka kumi na minne, wenzangu darasani wote wanalo, mimi nina pengo. Dany wa darasa letu ananiita Portail, yaani geti. "Portail, funga, upepo unaingia!" Sicheki.

Docteur Rosette aliinua picha ya kwanza kwenye mwanga. Mzizi ulionekana mfupi, na kwenye ncha duara dogo. Alisema picha hii inadanganya: mzizi umetuelekea sisi, kama msumari unaoutazama kichwani, huwezi kujua urefu wake. Akapiga nyingine kwa upande. Ndipo tukaona — umejikunja kama ndoano!

Maman akasema, "Docteur, tuling'oe tu, biishe." Docteur akakataa. Tukivuta kwa nguvu, ndoano itavunjikia ndani. Kwanza atajaribu kulishusha polepole kwa kamnyororo. Hakuahidi, lakini alitabasamu.

Kisha akatafuta sababu. Nilianguka nikiwa mdogo? Nilipigwa mdomoni? Kuna mtu alichokonoa ufizi wangu nikiwa mchanga? Maman akacheka, kana kwamba hayo ni ya vijijini tu: "Ah, docteur! Siye batu ba ville." Docteur akasema wakati mwingine sababu haijulikani, mtu huzaliwa tu hivyo. Lakini jino langu lilisukumwa likiwa bado mbegu — hivyo ndivyo anavyofikiri.

Basi kuna aliyelisukuma. Nitamjua.

Jumatano, 8 Mei

Nimemuuliza Papa kwa simu, yuko Sange kikazi. Anakumbuka tu kwamba nililia sana. Mwaka wangu wa kwanza nilikaa kijijini Mumosho kwa Koko, mama yake Papa, wakati Maman anamaliza masomo. Hilo sikulijua!

Mdogo wangu Bintu anaharisha tangu asubuhi. Ana miezi saba na hataki kunyonya. Maman amempigia Koko aje kusaidia.

Alhamisi, 9 Mei

Nimejua.

Koko alifika na majani ya sombe na ndizi. Nilimweleza kwamba radio imeonyesha mzizi wangu umepinda. Akashangaa kweli: "Radio? Basi hata Uvira banasikia habari ya meno yako?" Tulicheka mpaka Maman akajifuta machozi. Nikamwambia ni picha, Koko, picha ya mifupa.

Halafu akamchukua Bintu, akamfungua mdomo, akapitisha kidole kwenye ufizi. Akaacha kucheka.

"Eh, maman. Iko na meno mabaya, ile ya kuleta homa. Sawa ya Nsimire."

Nsimire ni mimi. Nikauliza: sawa ya nani?

Akasimulia bila kuficha, kwa fahari. Nilikuwa na homa, naharisha, nimekonda. Mwanamke mmoja akanitoa "meno mabaya" kwa rayon ya kinga, ule waya wa gurudumu la baiskeli, akapaka chumvi. Nikapona. "Miye njo niliokoa weye!"

Maman aliacha kupepeta mchele. Hakujua. Namwamini.

Ijumaa, 10 Mei

Tumempeleka Bintu kituo cha afya. Infirmier, yaani muuguzi, ni kijana, jina lake Murhula. Alisema vile vivimbe vyeupe vya ufizi, ambavyo Koko aliviita meno mabaya, si ugonjwa, ni meno ya kawaida yanayojiandaa kutoka. Homa na kuhara vina sababu nyingine. Ametupa sérum ya kunywa, ya kurudisha maji mwilini, na zinki. Koko akanong'ona: "Muganga gani huyu? Hata ndevu hana."

Nyumbani nilimwambia Koko yote, kwa heshima, nimepiga magoti kabisa. Kwamba chini ya jino la utoto kuna mbegu ya jino kubwa. Kwamba ule waya uliigusa yangu.

"Niliokoa weye, sasa uko ku secondaire, unakuja kunishitaki?"

Hiyo iliniumiza. Kwa sababu alinibeba, najua. Ananipenda. Na bado!

Maman anasema tungoje Papa arudi Jumapili, yeye hawezi kubishana na mama mkwe. Nimesema sawa. Lakini nimehamishia kitanda cha Bintu chumbani kwangu.

Jumamosi, 11 Mei

Maman ameenda sokoni Nyawera. Dakika chache tu, mlango umegongwa. Mwanamke mwenye kitenge cha kijani, maman Madeleine. Koko ndiye aliyemwita, aje kumtoa Bintu yale meno. Nimemsikia mgeni huyo akiomba maji yachemshwe.

Nimemfunga Bintu mgongoni, nimejifungia chumbani, meza nimeisukuma mlangoni. Maman hapokei simu. Nampa Bintu sérum kijiko kwa kijiko, juu ya bega. Hajaharisha tangu alfajiri, na amekojoa! Naandika ili nisilie.

Madeleine anasema watoto wa siku hizi wameharibiwa na masomo. Anasema fungua, mama, ni kidogo tu, kama kutoboa masikio.

Nimejibu: "Hapana, maman. Samahani. Hapana."

Kisha Koko, karibu sana na mlango, sauti ndogo ambayo sijaizoea:

"Nsimire… ile jino yako. Iko inaumaka?"

Hajawahi kuniuliza.

Nimesema ndiyo, Koko. Usiku, hasa wakati wa baridi.

Madeleine anaita kutoka jikoni kwamba maji yamechemka. Anaita tena. Koko hamjibu. Nasikia kitenge chake kikisugua mlango — nadhani ameketi chini, ameuzuia kwa mgongo.