Shikamoo ya Akinyi

Alhamisi, jioni.

Na wazo lenyewe lilikuwa la Akinyi! "Dada, wafundishe hawa watoto shikamoo, kama kwenu Tanzania. Wazazi watapenda." Nikawafundisha darasa zima.

Leo kwenye mkutano wa wazazi, baba mmoja akasimama. "Mwalimu, sisi hapa Kisumu hatusemangi hiyo shikamoo. Mtoto wangu hapigii mtu magoti."

Mkuu wa shule akanitazama. Mimi nikamtazama Akinyi, mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, nikingoja aseme neno moja tu la kunitetea.

"Hata mimi nilimwambia aache," akasema.

Kibali changu cha kazi kinakaribia kuisha, na mkuu ndiye wa kuniombea kingine. Akinyi anajua. Nilimwambia mwenyewe, tukila samaki pale ziwani, nikidhani nina ndugu.

Baadaye akanifuata hadi getini. "Usiskie vibaya, dada. Wewe uko na kwenu. Mimi niko na hii kazi tu." Kisha, kama kila asubuhi tangu nije, akainamisha kichwa. "Shikamoo."

Kwetu shikamoo huitikiwa hata ikitoka kwa adui. Mama alitulea hivyo.

Nikafungua geti, nikaenda zangu.