Kuoga na Mkwe

Jumapili, 22 Septemba 2013

Naeem kapiga simu kutoka Japani, mie bado nimeshika kikombe cha chai. Harusi ni Jumamosi ya tarehe 19 mwezi ujao. Baba yake Natsuko, mchumba wake, kakubali. Mama yake bado. Anasema hana neno na Naeem, ila kabla ya kumtoa binti yake wa pekee anataka kwanza aoge na mimi.

Nilidhani sikusikia vizuri. Aoge na mimi?

Ndiyo, Mama. Mji wao ni wa maji ya moto, yanatoka ardhini yenyewe, watu wanasafiri masaa matatu kwa treni kutoka Tokyo kuja kuoga tu. Wanawake kwao, wanaume kwao, kila upande na bwawa lake. Uchi.

Uchi vipi? Akasema uchi wa kuzaliwa, hata chupi hairuhusiwi.

Nilitamani kukata simu. Sikukata. Hilo nimekoma.

Jumatano, 25 Septemba

Niandike ukweli, maana daftari hili halina msomaji. Karima binti yangu anakielewa Kiswahili ukimsemesha, anakujibu kwa Kiingereza chake, lakini kukisoma hawezi.

Mwaka jana Naeem aliponiambia habari za Natsuko, nilimjibu: ukimwoa huyo, huna mama. Nikakata simu. Miezi minne sikupokea simu yake hata moja. Kumbe siku ile Natsuko alikuwa kakaa ubavuni pake, na mama yake chumba cha pili. Mama yake Natsuko akauliza nimesema nini. Wakamwambia.

Tangu hapo ana swali moja: huyu mama anamtaka mwanangu, au anamvumilia tu? Na hataki jibu la maneno. Anasema mtu akiwa majini hana pa kuficha uso.

Nimemhadithia Jenabai wa ghorofa ya kumi na moja, nikitegemea atanionea huruma. Bibi wa miaka themanini na moja alicheka mpaka akakohoa. "Mficha uchi hazai," akasema. Nikamwambia mie nimeshazaa wawili, sasa niacheni nijifiche.

Baadaye nikajifungia bafuni, nikajitazama kwenye kioo. Miaka hamsini na nane. Mshono wa operesheni ya kumzaa Karima, tumbo limelala juu yake. Marehemu mume wangu tuliishi naye miaka ishirini na sita na hakuwahi kuniona hivi kwenye mwanga. Nikazima taa.

Jumapili, 6 Oktoba

Naeem ametuma masharti ya kule, kwa Kiingereza. Karima kanisomea huku anakula.

Unakaa kwenye kigoda, unajisugua mwili mzima kwa sabuni, ndipo unaingia bwawani. Nywele zifungwe. Kitaulo kisiguse maji, unakiweka kichwani. Usiruke, usiogelee. Na mwenye tatuu haingii, anarudishwa mlangoni, maana kwao tatuu ni alama ya majambazi.

Hapo nilicheka. Angalau sharti moja halinihusu.

Jumatano, 9 Oktoba

Jenabai kaja kuniaga, kaitazama mikono yangu. Mama wa bwana harusi unasafiri mikono mitupu, unakwenda msibani?

Kweli. Nimeona haya. Nimepanda basi mpaka Scarborough, ng'ambo ya mji, kwa yule dada wa Mombasa anayepamba maharusi sebuleni kwake. Saa nne nzima nimekaa kama sanamu. Hina viganjani na miguuni, na piko, ile nyeusi, nyuma ya mikono mpaka karibu na kiwiko. Maua, majani, vijitone. Imekolea kweli kweli. Siku ya harusi yangu mwenyewe, Tanga, sikupata kama hii. Nimenunua na koni tatu za hina nimpelekee Natsuko.

Nataka mama yake anione tu ajue. Nimekuja harusini kwa moyo wangu wote, sikuburutwa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Ndege ni saa saba mchana. Sanduku limefungwa mara tatu.

Maji ukiyavulia nguo, yaoge. Waliosema hivyo hawakuambiwa wavue mbele ya mkwe.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Nimefika mchana, baada ya ndege mbili, usiku mmoja Tokyo, na treni. Mji mdogo, mvuke unatoka hadi kwenye mifereji ya barabarani, harufu ya mayai yaliyochemshwa. Watu wanatembea na kanzu za kuogea na viatu vya mbao, hawana wasiwasi. Mama Natsuko alinisubiri kituoni, na Naeem na Natsuko pembeni yake. Mfupi, mgongo umenyooka, nywele nyeupe zimekatwa usawa wa masikio. Akainama. Nikainama. Akainama tena, nikainama zaidi. Kisha nikampa mikono yangu yote miwili, kwa furaha kabisa.

Macho yake yakabaki kwenye mikono. Naeem akasema polepole, "Mama. Umefanya nini?"

Nilidhani hakupenda maua. Mpaka aliposema neno lile. Tatuu.

Si tatuu, nikamwambia, ni hina na piko, wewe mwenyewe umekua unaiona! Akasema yeye anajua, wa mlangoni hawajui.

Hotelini, ambako ndiko bwawa liliko, mwenye hoteli aliomba radhi mara kumi, lakini ana wageni wengine, hawezi. Bafu dogo la faragha limeshachukuliwa mpaka Jumapili. Harusi Jumamosi. Akauliza rangi inatoka lini. Nikasema wiki mbili, labda tatu.

Mama Natsuko akainama mara moja. Akaenda kwake. Natsuko anasema amechoka tu.

Naeem kanibebea sanduku mpaka chumbani. Mlangoni akasema, "Nilikuomba kitu kimoja tu, Mama." Hakupandisha sauti. Bora angepandisha.

Jumanne, 15 Oktoba, asubuhi

Nimeomba limau na chumvi jikoni kwa ishara. Nimesugua. Nikasugua na dawa ya meno. Ngozi inawaka moto, hina imefifia kidogo, piko iko vile vile.

Nimekaa hapa nikawaza anachowaza yeye. Huyu mama alitumiwa masharti, akasomewa. Ndipo akaenda akajichora mpaka viwiko, asioge na mimi. Ningekuwa yeye, ningewaza hivyo hivyo. Na mwanangu nisingemtoa.

Na niandike na hili, maana nimeahidi ukweli. Mwenye hoteli aliposema hapana, kabla sijaona uso wa Naeem, moyo wangu ulipoa. Nilishukuru. Mungu anisamehe, nilishukuru.

Jumanne hiyo hiyo, saa kumi jioni

Mama Natsuko yuko hapa. Peke yake. Hakuna wa kututafsiria.

Alibisha hodi, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka mbele ya meza. Nikamtilia chai. Akaona mikono yangu ilivyochubuka, akaishika, akavuta pumzi kwa meno kama anaumia yeye. Nikasema samahani. Kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa Kigujarati. Nikalia. Mtu mzima, nikalia mbele ya mkwe.

Akaziona koni za Natsuko mezani. Akachukua moja, akainusa. Akakunja mkono wa blauzi yake mpaka kiwikoni, akaulaza mkono mezani mbele yangu.

Nikasema hapana, hapana. Ukutani pana karatasi ya masharti ya bafu, ina picha ya mkono wenye maua umepigwa mstari mwekundu. Nikamwonyesha. Akainuka, akaisoma taratibu kama hajapata kuiona. Akaweka kidole kwenye ile picha. Kisha akakiweka kwenye mkono wake. Akatikisa kichwa kukubali.

Anajua. Naeem aliniambia huyu mama anaoga maji yale kila jioni tangu mtoto, hata siku aliyomzika mama yake alikwenda.

Sasa ameingia kunawa mikono. Nasikia bomba. Nimempigia Naeem mara tatu, hapokei. Na mie nimlaumu vipi, mie wa miezi minne?

Nikimchora, kesho naye anarudishwa mlangoni, mbele ya majirani zake, kwa sababu yangu. Nisipomchora, nimemkataa mara ya pili. Na kuchora kwenyewe sijui. Maisha yangu yote mie ndiye ninayenyoosha mikono, wengine wanachora.

Bomba limefungwa.

Amerudi, amekaa. Amevua saa yake, kaiweka pembeni ya daftari hili. Anasubiri niache kuandika.