Uliponiambia Umefika Kimbo

Mpendwa Baba Shiru,

Jumatatu nitasimama mbele ya hakimu hapo Thika nieleze jinsi ulivyokufa. Vijana wawili walioshtakiwa, walio nje kwa dhamana, wanasema walimpiga mwizi. Ndugu yako Mwangi anasema tuachane na mahakama, twende kwao na petroli. Kabla sijamjibu, naongea na wewe.

Wewe ulikuwa mwongo wa barabarani tu. Ndani ya nyumba hukuwahi kunidanganya, lakini nikikupigia simu ukiwa bado Thika, unasema uko Kimbo, hapa Ruiru karibu na nyumbani. Siku moja nilisikia makanga nyuma yako akiita watu wa Makongeni, mtaa wa huko huko Thika, nikakuuliza Makongeni imehamia Ruiru lini. Ulicheka mpaka ukakohoa. Na Shiru, Wanjiru wetu, alipotafuta kwenye simu umbali wa Thika na Ruiru, kwa barabara na kwa ndege, ulimwambia, "Kwa ndege, hujamaliza kufunga mkanda, rubani anakuambia shuka. Sasa nikisema nimefika, uongo uko wapi?"

Jioni ile ya sikukuu ya kuzaliwa ya Shiru ulisema vilevile. "Niko Kimbo, mimina chai." Nikamimina. Kumbe ndio unatoka dukani Thika na keki kwenye mfuko, ukaanza kukimbilia gari ili uongo wako usikae sana. Karibu na hapo mwanamke alikuwa amenyang'anywa mkoba. Mtu akaona mwanamume anakimbia na mfuko, akaita mwizi.

Yaliyofuata nilielezwa na mama anayeuza miwa pale. Jiwe la kwanza lilikupata sikioni. Ulianguka juu ya keki. Walikukanyaga mikono, wakakuvunja meno kwa rungu ulipofungua mdomo kujitetea. Mmoja alikuja akivingirisha tairi la kukuchomea. Mama wa miwa akakulalia juu, wakampiga na yeye.

Mtu aliokota simu yako akanipigia, akasema mwenye simu anauawa Thika. Nikamwambia amekosea, mume wangu yuko Kimbo. Nikakata. Nikatoka mbio hadi stejini pale Kimbo kukutafuta, nikiuliza kila mtu wa boda kama ameona mwanamume wa sweta ya kijani. Simu ilipolia tena, nilisikia sauti yako kwa nyuma. Haikuwa maneno.

Magari yalikuwa yamesimama kwenye jam kutoka Juja. Nilimwambia wa boda aliyenibeba apite kwenye mtaro, popote, nikimpiga ngumi za mgongo, mtu ambaye hakunikosea lolote. Juu yetu anga lilikuwa jeupe, halina hata jam. Nilipofika walikuwa wanakupakia kwenye pikapu. Mwili ulikuwa na joto bado. Pumzi haikuwepo.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikuletea kuku umchinje, kwa sababu mimi siwezi? Siku kesi ilipotajwa, nilitazama vidole vya mmoja wa wale vijana nikatamani kuvivunja kimoja kimoja. Niliikalia mikono yangu.

Sasa nimejua la kumwambia Mwangi. Petroli airudishe. Wakiungua leo, wataenda wakiamini waliua mwizi. Hakimu akiniuliza marehemu ni nani, nitawageukia wao wawili nitamke polepole: Joseph Kamau Njoroge, fundi cherehani, baba ya Wanjiru. Wakiinamisha vichwa, nitangoja waviinue, halafu nitaanza tena.

Lala, Baba Shiru. Mimi bado nina kazi.

Mke wako,
Mama Shiru